Umande wa Bati

Lori lilipinduka saa nne asubuhi, kwenye korongo ambalo Breki aliapa halikuwapo safari iliyopita. Breki ndiye dereva, na jina hilo alipewa kwa sababu hazitumii. Shehena nzima ya mabati ilimwagika nyikani, na fundi paa aliyekuwa amekaa juu yake akamwagika nayo. Mguu wake wa kulia ulivunjika chini ya goti.

"Mwaka huu una lako, shemeji," alisema kaka wa marehemu mkewe, waliyesafiri naye, akiufunga mguu kwa vipande vya mbao.

Na kweli. Mwezi wa pili fundi alianguka kutoka juu ya paa akavunjika mkono. Mwezi wa tano nyumba yake iliungua. Wa saba mkewe akafa kwa homa ya siku tatu. Watu walimpa pole mpaka wakachoka, na yeye mwenyewe alikuwa hoi. Sala zake, ambazo zamani zilikuwa ndefu hata mkewe akisinzia, zilibaki neno moja kila alfajiri: "Nipo."

Siku ya tatu baada ya ajali, dumu lao la maji lilibaki na lita mbili. Hapakuwa na gari wala nyayo za mbuzi.

"Fundi, tusifichane," Breki alianza. "Mtu haandamwi hivi bure. Kuna kitu ulifanya. Tubu, sote tupone."

"Nitubu nini?"

"Wewe ndiye unayejua."

Shemeji alikuwa akichora mchangani kwa kijiti. "Dada yangu alikuwa mzima kabisa. Sema tu, tutakubeba."

Hilo lilimuuma kuliko mguu. Angeweza kubuni dhambi yoyote ile, yakaisha. "Makosa yangu ninayo, na nimeshayaungama," alisema. "Hilo mnalolitaka sikulifanya. Nikimdanganya Mungu leo, nitabaki na nani?"

"Ameshakupa kisogo, na wewe bado unamng'ang'ania," alisema Breki. Walimwachia kikombe kimoja cha maji, wakaondoka na dumu kuelekea magharibi.

Fundi alilia kwa hasira. Alimwambia Mungu kwamba amechoka, kwamba haelewi, kwamba hii si haki hata kidogo. Hakutia amina. Alipotulia, macho yakamwangukia mabati, akakumbuka kazi yake: miaka ishirini amepanda mapaa alfajiri, hata wakati wa kiangazi, na kila mara bati lilitaka kumtelezesha kwa umande.

Alijikokota kwa makalio mpaka jua likazama, akisaga meno. Aliinamisha mabati matatu juu ya mawe, ncha ya moja juu ya ndoo aliyokwisha kumwaga misumari yake, ya pili juu ya kifuniko cha sanduku la vifaa, ya tatu juu ya sufuria.

Alfajiri alisema, "Nipo," akapitisha kiganja kwenye mifereji ya bati. Maji yakashuka. Yalikuwa na ladha ya chuma na vumbi, yakitosha kumvusha siku.

Siku ya tano adhuhuri watu wawili walitokea upande wa mashariki wakiyumba. Walikuwa wamezunguka duara zima. Breki hakuwa na sauti, na midomo ya shemeji ilikuwa imepasuka. Fundi aliitazama ndoo yenye maji ya alfajiri hiyo. Moyo ulimtuma awaulize wao walitenda dhambi gani. Lakini alikuwa amechoka, na shemeji alikuwa na macho ya mkewe. Akaisukuma ndoo.

"Polepole," alisema. "Mtatapika."

Kesho yake mafundi wa barabara waliona mabati yaking'aa kwa mbali, wakaja na gari. Fundi alilazwa nyuma, shemeji akiushika mguu usirukeruke kwenye mashimo.

"Shemeji," alimwambia fundi akitazama chini, "tuombee. Sisi hatuna uso."

"Nitafupisha."

"Hata ukifupisha."

Fundi alifumba macho. Breki naye aliinama, akingoja kutajwa.

"Tupo," alisema fundi.

Shemeji aliendelea kuushika mguu mpaka hospitali.