Pengo la Kisanduku

Kisanduku hakikuwepo. Ijumaa asubuhi Padre Januarius alifungua kabati la sakristia akakuta vumbi na alama ya mraba, basi. Kufuli lilikuwa zima. Kabla ya mchana mlinzi Ngassa alikuwa mahabusu, maana ufunguo ulikuwa kiunoni mwake, naye Sajenti Milembe alikuwa anapanda kilima cha parokia huku magoti yakimsuta.

Alikuwa amechoka, jamani. Ameshakimbizana na wezi wa ng'ombe kutoka Dutwa hadi Migato, na leo anatafuta kisanduku cha muziki!

"Kina nini cha ajabu, Padre?"

"Kililetwa na mmisionari wa zamani. Ukizungusha ufunguo wake kinapiga valsi, dansi la karne ya kumi na tisa, la Wazungu kushikana viuno kwenye kumbi zao. Kilikuwa kimekufa miaka mingi. Fundi wa Maswa amekifufua, amenirudishia jana. Mwenyewe sijakisikia, alisema kipumzike mafuta yakolee. Nilishatangaza kwamba kitapigwa Jumapili, kwenye jubilei."

"Kimepona kabisa?"

"Kina pengo. Jino moja la chuma lilivunjika tangu enzi za mmisionari. Fundi anasema muziki ukifika katikati unanyamaza kidogo, halafu unaendelea."

Watu walimnyooshea kidole Masalu, mnunuzi wa vyuma chakavu, eti alionekana getini. Milembe akaenda, akapekua magunia hadi mgongo ukalia. Masalu akacheka tu.

"Afande, mimi nanunua majembe na injini. Hako kadude kana uzito gani?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Milembe akarudi kituoni kumhoji Ngassa.

"Mayu, mama yangu, mimi sijaiba," Ngassa alisema kwa nyuma ya nondo. "Jumatatu mkinipeleka mahakamani, kazi imekwenda. Mke wangu Kabula ana mimba ya miezi minane, na pamba bado iko shambani. Nani ataichuma?"

"Nani mwingine anaingia sakristia?"

"Kwaya. Wanaweka spika zao mle. Mwalimu Marcelo anayewaongoza ana funguo zake, wa mlango na wa kabati."

Jioni Milembe akaketi benchi la nyuma kanisani, akavua viatu kwa siri. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi ya "Mavuno ni Yako," wimbo uliompa Marcelo jina Simiyu nzima. Jumapili askofu angemtunuku kwa utunzi huo. Spika ya kushoto ilinguruma, ya kulia ilikuwa bubu. Wimbo ukafika katikati, wakanyamaza, wakapiga kofi moja, pa! wakaendelea.

Kofi hilo Milembe amelipiga kwenye harusi ngapi! Safari hii mkono wake ulibaki hewani. Akavaa viatu, akaenda mbele.

"Mwalimu, hapo katikati mnanyamaza kwa nini?"

"Ndio utunzi wenyewe, Afande. Ulinijia hivyo, kwa Roho."

"Na spika ya kulia?"

"Imeungua."

"Hebu ifungue."

Marcelo akacheka, lakini peke yake. Milembe akaomba bisibisi. Ndani ya spika, kisanduku kilikuwa kimeviringishwa kwa pamba mbichi, kama mtoto mchanga. Akazungusha ufunguo wake, akakiweka juu ya altare ndogo.

Ulikuwa wimbo uleule. Waimbaji wakatazamana. Muziki ukafika katikati, ukanyamaza, na kwaya nzima kwa mazoea ikapiga kofi, pa!

Marcelo akakaa chini.

"Nilikuwa nafagia nyumba ya mapadre nikiwa mdogo," alisema. "Nilikisikia kila Jumapili. Lile pengo nilidhani ndivyo wimbo ulivyo, nikatia kofi. Mmisionari akafa, kisanduku kikaharibika, nikajua hakuna anayekumbuka. Leo kifufuke mbele ya askofu? Ningeuweka wapi uso wangu?"

"Mbona hukukivunja?"

"Ndicho kilichonifundisha muziki. Nilikionea huruma."

"Huruma!" Milembe alipandwa na hasira hadi uchovu ukamtoka. "Chuma umekionea huruma. Ngassa je?"

Marcelo akainuka, akamfuata nje.

Kituoni Ngassa alitolewa, akafumba macho kwa mwanga wa taa. Alipoyafumbua akamwona Marcelo mlangoni, akamkimbilia, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu! Umekuja kunidhamini? Mungu akubariki. Nilimwambia Kabula, kwaya haiwezi kunitupa."

Marcelo akamgeukia Milembe. Sajenti alikuwa ameshavua kofia na kukaa.

"Mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi nimechoka."