Paka Aliyehama Jikoni

"Umeniulia watoto!"

"Watoto gani, Daktari? Mimi nachomelea mageti, sichomelei watoto!" Fundi akajibu.

"Watoto wa panya! Kwa kelele za karakana yako!"

Uwanja mzima wa nyumba ya kupanga ukaangua kicheko. Waliokuwa wakifua waliacha nguo kwenye mabeseni wakajishika mbavu. Mtu mmoja tu hakucheka: Mama Kimya, aliyesimama mlangoni kwake. Sufuria ilimponyoka, ikabingirika mpaka miguuni mwa Shangazi Redio, mpelelezi wa polisi aliyestaafu, ambaye alitoka kuangalia ugomvi mswaki ukiwa bado mdomoni.

Redio lilikuwa jina la utani, maana hakuna habari iliyowahi kumpita.

"Daktari, kumbe ni panya?" akauliza. "Si ulituambia ni wanyama wa utafiti? Mimi mwenzenu nilishadhani ni sungura."

"Ningesema panya, mwenye nyumba angenipangisha? Njoo uone mwenyewe."

Kwenye chumba cha Daktari, vizimba vilipangwa juu ya rafu. Baadhi ya panya walizaliwa na badiliko la kijeni linalohusishwa na usonji.

"Panya wa kawaida akisikia mlio hushtuka," Daktari alieleza. "Ukirudiwa, anauzoea. Hawa hawauzoei, kila mlio kwao ni mpya. Natafuta ubongo wao unakwama wapi. Lakini tangu Jumamosi wote wamechanganyikiwa, hata wale wa kawaida. Jumapili mama wawili wakaua watoto wao. Panya akisumbuliwa mno hufanya hivyo."

"Ni wepi walioumia zaidi?"

"Wa rafu ile, chini ya tundu la hewa."

"Upande wa pili kuna nini?"

"Jiko la Mama Kimya. Lakini kelele ni za Fundi! Mwenye nyumba anasubiri neno langu tu. Nikimthibitishia, kesho anamtoa."

"Kwanza Mama Kimya ana paka, tena mnene," Shangazi akasema. "Harufu yake je?"

Daktari akalitazama tundu la hewa. Hilo hakuliwaza.

Shangazi akaenda moja kwa moja karakanani.

"Shangazi, Jumapili nilikuwa ukweni!" Fundi akalalamika. "Muulize mke wangu. Nilivaa mpaka tai. Nina watoto watatu, nikitolewa hapa nitachomelea wapi?"

Nyuma yake, juu ya magunia, paka mnene alikuwa amelala fofofo.

"Huyu si wa Mama Kimya?"

"Amehamia hapa tangu Jumamosi. Nikimfukuza ananitazama kama mimi ndiye mpangaji wake."

Basi paka naye akatoka kwenye orodha ya washukiwa. Lakini swali lilimganda Shangazi kichwani: paka gani anakimbia jiko lenye mabaki, akalale karibu na msumeno wa chuma?

Alasiri alipopita tena, paka alikuwa amejikunja dirishani kwa Mama Kimya, amesharudi kwao. Msumeno wa Fundi ulikuwa ukilia vilevile. Shangazi akatabasamu, akawaita Fundi na Daktari, wakabisha hodi kwa Mama Kimya.

Mwanawe mkubwa, aliye na usonji, alikuwa mezani, vifunika masikio vikining'inia shingoni. Wote mtaani walijua kwa nini mama yake anaitwa Kimya: kila mpita njia aliambiwa apunguze sauti.

Shangazi alitazama juu. Kwenye vumbi la tundu la hewa palikuwa na alama ya mraba, safi.

"Mama Kimya, hapo palikuwa na kitu kinacholia. Sisi hatukisikii. Paka na panya wanakisikia. Leo Daktari alipotaja panya, sufuria ikakuponyoka, ukaja kukiondoa. Paka akarudi."

Fundi alimgeukia kijana. "Na wewe hukukisikia? Masikio yako si makali?"

"Nasikia sauti unazosikia wewe," kijana akajibu. "Ila zote kwa pamoja."

Mama Kimya alitoa kifaa kidogo nyuma ya ndoo ya unga. Kilikuwa kifukuza panya, kile cha umeme chenye waya. Machozi yalimtangulia.

"Nilimsikia Daktari akiongea na simu: 'Panya hawa wananinyima usingizi.' Nikasema maskini, nyumba imeingiliwa. Daktari, tangu mwanangu yuko mdogo naambiwa ni mkaidi, nimemdekeza. Walimu, mawifi, hata baba yake. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia si ukaidi, ni sauti zinazomlemea. Nilikuwa nikulipe nini? Nikakinunua, nikakielekeza kwako kimyakimya usije ukaona haya."

"Na asubuhi ukanyamaza, mimi nafukuzwa!" Fundi akafoka.

"Niliogopa, baba. Nisamehe."

Daktari alikipokea kile kifaa, akakigeuzageuza. "Mimi ndiye niliyeficha neno panya," akasema. Hapohapo akampigia mwenye nyumba: Fundi hana kosa. Kisha akamshika Mama Kimya mkono. "Majike wengine bado wana mimba, tutaanza upya. Asante, mama. Hakuna aliyewahi kuniletea zawadi kwa kazi hii. Fundi, na wewe niwie radhi."

"Yameisha. Ila usiniite muuaji, mama mkwe akisikia!" Fundi akageuka kutoka, bado amenuna kidogo.

Kijana alishaongeza sahani mezani. Akavuta kiti, mkono mmoja kwenye vifunika masikio.

"Fundi, kaa ule. Ukitaka kucheka, niambie kwanza."