Diski Inayozimia kwa Joto

Shata la chuma lilishuka kwa kishindo. Kufuli likabana kwa nje.

Tindo aligeuka, bastola ya Glock 19 mkononi. Amechelewa.

Alikuwa amekimbia mitaa minne, watu wawili wa genge wakimfuata, na kupanda ngazi orofa tatu, kumbe anajipeleka mwenyewe ndani ya kopo. Duka lilikuwa na mlango mmoja. Dirisha lilikuwa na nondo nene kama za jela.

"Dada," alisema fundi wa kompyuta kutoka nyuma ya meza, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, "kwangu watu hupiga hodi."

"Samahani, Fundi. Kaa mbali na mlango."

Alivua kiatu, akatoa diski nyembamba kama biskuti. Asubuhi ile karani wa genge la magendo ya sindano bandia alikuwa ameing'oa ofisini kwao na kumkabidhi sokoni. Saa moja baadaye karani akakamatwa na genge. Alifichwa katika ghala lao mojawapo, na saa tisa wangemhamisha kusikojulikana. Ramani ya maghala ilikuwa ndani ya diski hiyo.

Saa ya Casio mkononi mwa Tindo ilisoma saa nane na dakika kumi.

Na karani huyo hakuwa mtu baki. Alikuwa mume wa mdogo wake. Tindo ndiye aliyemwingiza katika kazi hii ya kulipeleleza genge, akiwa mezani kwa karani, akila chakula chake. "Wiki mbili tu, shemeji," alimwambia. Huu ulikuwa mwezi wake wa tisa humo.

Fundi aliichomeka. Diski ikaonekana kwenye skrini. Dakika moja baadaye ikapotea.

"Ikipata joto inazimia," alisema. "Hizi hazina kinachozunguka ndani, ni chipu tupu. Ya zamani ingelia kidogo ujue inakufa. Hii inakufa kimya, haiagi mtu."

"Inatengenezeka?"

"Labda. Naiandikia programu mpya ya kuiendesha. Ikikubali, unasoma kila kitu. Ikikataa, ndiyo basi. Au tunaiacha ife, tunahamishia diski nyingine kitakachowahi. Kidogo tu kitawahi. Na kila nikiiwasha, huenda ndiyo mara ya mwisho."

Simu ilitetemeka. Alikuwa Msaidizi wa Mkuu wa idara yao ya upelelezi.

"Tindo. Hali?"

"Nimefungiwa. Wawili nje. Diski inakufa."

"Usihangaike kubadilisha diski. Mwambie fundi aitengeneze. Aisafishe kwanza, kisha aiandikie programu mpya. Mtaisoma baadaye mkitulia."

"Aisafishe?"

"Ni amri. Nijulishe ukimaliza."

Ikakatika.

Fundi alikuwa amesikia. "Kusafisha diski ni kufuta, Dada. Bosi wako hajui kompyuta?"

Anajua. Hilo ndilo lililomtia Tindo baridi. Idarani kwao hata mfagizi aliijua kanuni ya kwanza: kielelezo hakiguswi kabla hakijanakiliwa. Na aliyemfundisha kanuni hiyo, kwa chaki ubaoni, alikuwa Msaidizi huyohuyo.

Alisikiliza mlangoni. Wale wawili hawakuvunja. Hawakupiga risasi. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi, mmoja anacheka.

Walikuwa wanangoja aifute kwa mkono wake mwenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu utotoni, na bado alikuwa akimpigia mtu yule saluti kila Jumatatu.

"Tunabadilisha," alisema. "Leta diski mpya."

Fundi aliifunga ile mbovu kwa nailoni, akailaza juu ya chupa ya maji ya baridi kutoka kwenye friji yake ndogo, akaelekeza feni. Chumba kilikuwa kama tanuri. Jasho lilimchuruzika Tindo mgongoni, na kuta zilionekana kusogea.

Skrini ikafunguka. Folda ishirini na kitu. Genge liliyapa maghala yake majina ya magonjwa: Surua, Kichocho, Pumu, Kifaduro.

"Chagua moja," fundi alisema. "Ya pili sikuahidi."

"Ipi iliguswa mwisho?"

"Pumu. Leo asubuhi."

Karani alikuwa ameifungua kabla ya kuing'oa diski. Alijua wasaliti hupelekwa huko, na sokoni hakuweza kusema neno.

"Hiyo."

Asilimia arobaini. Sabini. Tisini na moja.

Ikaganda.

Fundi alinyakua chupa nyingine, akaibana diski katikati kwa viganja viwili. "Twende, mama, twende. Usinitie aibu mbele ya mgeni."

Tisini na sita. Mia.

Kisha ikazima. Haikuamka tena.

Ndani ya diski mpya kulikuwa na picha ya geti la buluu, jina la barabara na namba ya kiwanja. Tindo alivituma kwa Kepteni wa kikosi cha idara yao, moja kwa moja. "Nenda sasa. Usipitie ofisini. Msaidizi amenunuliwa."

Halafu akampigia Msaidizi.

"Imesafishwa. Tupu kabisa."

"Kazi nzuri."

Nusu dakika baadaye simu iliita nje ya mlango.

Kufuli likafunguliwa. Shata lilipofika magotini, Tindo alimpiga wa kwanza kwa kitako cha bastola, akadondoka. Wa pili alilitazama tundu la Glock, akaketi chini bila kuambiwa. Fundi aliwafunga wote wawili kwa waya za mtandao, mafundo matatumatatu.

Saa tisa kasoro dakika tano, Kepteni alipiga.

"Tunaye. Mbavu mbili zimevunjika, lakini anaongea. Sindano zote za humo tumezikamata. Msaidizi yuko chini ya ulinzi."

Tindo alimshukuru fundi, akaweka bastola kiunoni, akashuka ngazi taratibu. Barabarani alimpigia mdogo wake.

"Mumeo yuko hai. Wanampeleka hospitali."

Kwa muda alisikia kilio tu. Kisha sauti ikatulia.

"Asante, Dada. Mungu akulipe. Sasa nisikilize. Kwangu usije tena."

"Sawa," alisema Tindo.

Alivaa miwani ya jua, akangoja magari yapite, akavuka.