Odowa Kooni
Maiti ya Gachanja ilikutwa kifudifudi ndani ya lundo la chokaa, nyeupe pepe hadi kwenye kope. Alikuwa msimamizi wa stoo katika kiwanda cha kusaga mawe, kando ya Mukuru kwa Reuben. Mawe ya dawa ya meno, ya sabuni, ya chakula cha kuku, ya rangi za kuta: yote yalisagwa pale. Asubuhi hiyo mashine zilinyamaza. Hakuna aliyethubutu kusogea.

"Lundo limemporomokea," alisema meneja. "Ajali tu."

Inspekta Apondi aliinama, akamtazama marehemu mdomoni. Meno mawili yalikuwa yamevunjika.

Daktari aliyeupasua mwili hakuzungusha maneno. "Si chokaa iliyomuua. Kooni mna vipande vya odowa, vimeshindiliwa kwa nguvu. Na damu iliyo kwenye meno si yake. Alimng'ata muuaji."

Apondi aliijua odowa. Alipokuwa mjamzito, mawe hayo laini aliyatafuna kutwa kucha.

Akamchukua Konstebo Kimani, wakaenda Kayole. Waruguru, mke wa marehemu, alikuwa akiuza odowa sokoni.

"Mumeo alikuwa akila odowa?"

"Hata siku moja. Na alinikataza nisionje zile alizotengeneza mwenyewe."

"Alizitengeneza? Si huchimbwa?"

Waruguru alijifunika uso kwa leso. "Za kuchimba ziliadimika. Akawa anafagia unga chini ya mashine ya rangi, anaufinyanga, anauanika. Sikuuliza, afande. Wateja walisema ni tamu."

"Kuna aliyelalamika?"

"Luseno, fundi wa mashine. Alileta kipande, akauliza kimetoka wapi. Nikamwambia ni kazi ya mume wangu. Akaondoka bila kuaga."

Walimkuta Luseno chumbani kwake Mukuru, ameketi ukingoni mwa kitanda. Mkono wake wa kulia ulifungwa kitambaa. Upande wa pili wa kitanda ulitandikwa vizuri, kana kwamba mtu angerudi kulala.

"Fungua kitambaa."

Alama za meno zilikuwa zimetunga usaha.

"Mkeo yuko wapi?"

"Amondi? Nimemzika nyumbani, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Kaburi moja. Hospitali walisema damu yake ina sumu ya madini ya risasi. Nilikivunja kipande alichobakiza. Nikautambua ule unga, afande. Ni mimi ninayeusaga."

"Ukamwendea Gachanja."

"Kila nikifumba macho, namsikia Amondi akitafuna. Kru, kru. Nikasema, Gachanja naye akila, Amondi atatulia. Nikamlisha."

"Ametulia?"

"Sasa wanatafuna wawili."

Apondi akauliza lililomkaa rohoni: "Kwa nini hukuja polisi?"

"Nilikuja. Niliweka kipande mezani pa kaunta." Alimwelekezea Kimani kidevu. "Huyu hapa akacheka. Akaniambia nikafungue kesi dhidi ya jiwe."

Kimani alikwisha kutoa pingu. Apondi alimpokonya, akamfunga Luseno yeye mwenyewe, taratibu, chuma kisiguse kidonda.