Jiko Lililolipuka Manyatta

Moto ulikuwa umezimwa Koplo Kajuju alipoingia jikoni kwa Muthoni, mjane wa hapo Manyatta. Muthoni mwenyewe alikuwa amekimbizwa hospitali mjini Embu, ameungua uso na mikono. Sakafuni lilibaki jiko la pampu la shaba, la zamani, kama yale wanayobeba wapanda mlima. Ndiyo kwanza Muthoni alikuwa analiwasha tangu litoke kwa fundi.

Nje, majirani walikuwa wameshamkamata fundi huyo, Nyaga, anayenunua majiko na karabai kuukuu na kuvitengeneza upya. Shati lake lilikuwa limeraruliwa.

"Ametuchomea mtu na takataka zake!" alifoka Mwaniki, shemeji ya Muthoni.

Kajuju alimtia Nyaga ndani, nusu kwa kumshuku, nusu kwa kumwokoa. Kisha akalifungua tangi la jiko na kunusa. Petroli. Na jiko lile ni la mafuta ya taa.

"Ulijaza nini?" alimuuliza Nyaga korokoroni.

"Sikujaza kitu, madam. Nililijaribu na mafuta ya taa, nikayamwaga yote. Kithaka wa bodaboda alilibeba likiwa kavu. Ningemfanyia Muthoni hivyo kwa nini? Tunaoana Disemba."

Stejini, jaketi la Kithaka lilinuka petroli. Kajuju alimkazia macho.

"Hiyo ni ya pikipiki, afande! Na mimi sikufika kwa Muthoni. Mwaniki alinisimamisha njia panda, akasema anaelekea huko, atampelekea. Uliza mama wa mboga, alituona."

Mama wa mboga aliulizwa. Ni kweli, alisema. Mwaniki aliondoka na jiko mkononi.

Kajuju alipitia hospitali kwanza, akaketi kando ya kitanda cha Muthoni, akamsikiliza. Alipotoka alimkuta Mwaniki barazani, mikono imefungwa bandeji.

"Jiko lilifikaje kwa Muthoni?"

"Kithaka alimletea."

"Wewe hukulishika?"

"Hata kuliona sikuliona, mpaka lilipolipuka."

"Mama wa mboga alikuona ukilipokea."

Mwaniki alitazama kando. "Basi nililibeba. Hilo ni kosa?"

"Ulilipokea likiwa kavu, Mwaniki. Lakini Muthoni anasema ulimwambia kuwa fundi amemjazia mafuta, awashe tu."

Mwaniki aliketi kwenye benchi.

"Nilitaka limshtue tu. Amwogope huyo Nyaga na vyuma vyake. Kaburi la ndugu yangu halijaota nyasi vizuri, na huyo mtu anataka kulala kwa nyumba yake, alime shamba lake. Na mimi nitazame?"

"Na uliposikia akipiga nduru?"

"Nilikimbia huko." Aliinua zile bandeji. "Ni mimi nilimtoa kwa moto, afande. Ni mimi."

"Najua," alisema Kajuju, na kumshika kiwiko amwinue, kwa maana hakukuwa na mahali pa kutia pingu.

Alipofungua korokoroni, Nyaga hakuinuka.

"Ni Mwaniki," Kajuju alimwambia. "Amekubali mwenyewe. Wewe uko huru."

"Uso wake?"

"Umeungua sana. Lakini ataishi."

"Anajua si mimi?"

Kajuju alimrudishia viatu vyake na mshipi.

"Bado. Nimeona aambiwe na wewe."