Vidanje Juu ya Mawe ya Papa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Donatille alifagia njia ya gari iliyotoka langoni hadi mlangoni kwao. Shuleni aliitwa Mukagasana, kwa kuwa serikali ya Zaïre ilikuwa imekataza majina ya Kikristo, lakini nyumbani alibaki Donatille. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alifagia taratibu, jiwe moja baada ya jingine.

Njia hiyo ilikuwa fahari ya nyumba nzima. Baba yake, Papa Hategekimana, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea maharagwe kutoka Bunagana. Kwa miaka mitatu pikapu ililala barabarani, maana ua ulijaa mawe ya volkano yenye ncha, yanayokata tairi na nyayo bila kuchagua. Mwishowe aliitwa Muzee Onésime, fundi wa mawe kutoka mtaa wa Ndosho, hapo hapo Goma. Muzee aliyachonga mawe yale yale, akayapanga vizuri, na nafasi kati ya jiwe na jiwe akazijaza changarawe laini nyeusi.

Kazi ilipokwisha, maneno yakaanza. Kila mpita njia alikuwa fundi. Mmoja alisema zile nafasi zizibwe kwa saruji, majani yasiote. Mwingine alisema mawe yapakwe kitu cha kuyang'arisha, la sivyo yatapauka. Muzee Onésime aliwasikiliza wote, akasema afadhali kungoja mvua ya kwanza ya Septemba, waone maji yanavyokwenda. Papa Hategekimana akakubali. Alipokuwa akiondoka kwenda Bunagana, alisimama langoni akawaambia mkewe na bintiye:

"Mutu asiweke kitu pale mupaka nirudi. Mvua ikinyesha, tutaamua na Muzee siku ya Mungu, tukitoka misa."

Donatille alisikia vizuri kabisa. Lakini alikuwa pia na rafiki, Julienne, ambaye baba yake alikuwa na gereji. Kule gereji, Julienne alisimulia, walimwaga vidanje uani, yaani mafuta machafu yanayotolewa kwenye injini, na mawe yaling'aa kama viatu vya mwalimu siku ya gwaride. Donatille aliwaza jinsi baba yake atakavyofurahi akikuta njia inameremeta. Aliwaza furaha hiyo mpaka agizo likasahaulika.

Jumamosi, baada ya salongo ya kusafisha mtaa, mama yake alikwenda sokoni. Julienne alileta debe la vidanje, wakamwaga, wakatandaza kwa ufagio mpaka changarawe nayo ikalowa. Kweli, mawe yaling'aa. Julienne akaenda zake, na Donatille akabaki akiyatazama kwa majivuno, mikono yake ikiwa myeusi hadi viwiko.

Kisha mvua ya kwanza ya Septemba ikanyesha.

Miaka yote, maji ya mvua yalipita kati ya mawe ya ua yakapotea chini, kwa kuwa ardhi ya Goma hunywa maji mara moja. Siku hiyo hayakushuka. Changarawe ilikuwa imeshiba mafuta, basi maji yakatiririka juu ya mawe yakiwa na rangi za ajabu, yakafuata mteremko, yakapita chini ya uzio wa matete na kuingia kwa jirani yao, Mama Bulonza.

Mama Bulonza alikuwa mjane, akilea wajukuu watatu. Alikuwa na tangi lililochimbwa ardhini, la kukusanyia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na mdomo wa tangi ulikuwa sawa na ardhi, umefunikwa kwa mbao tu. Wakati wa kiangazi, mama yake Donatille alipokuwa mgonjwa asiweze kushuka ziwani kuchota, mjane huyo aliwapa bidoni mbili za maji kila siku bila kuombwa. Familia nzima ilipona kwa maji hayo. Sasa vidanje ilikuwa njiani kuelekea humo.

Donatille alisimama chini ya bati, akiyafuata maji kwa macho. Hakuna aliyemwona. Julienne asingesema. Na magari si yanapita barabarani kila siku, yakimwaga mafuta hovyo? Uongo ulikuwa umekwisha kujipanga, unangoja kutamkwa tu. Lakini aliwaona akilini wale wajukuu watatu na vikombe vyao, akaona aibu kubwa. Alitoka mbio kwenye mvua.

"Mama Bulonza, nilimwanga vidanje kwetu. Maji inakuya ku tangi yenu. Ni miye nilifanya."

Mama Bulonza hakuuliza swali. Alichukua jembe, akamwambia alete majivu yote ya jikoni na magunia. Walijenga tuta dogo la magunia, majivu na changarawe, wakilikandamiza kwa miguu, huku mvua ikiwapiga mgongoni. Maji yale ya rangi yalifika, yakasita, yakageuka kuelekea mfereji wa barabarani. Yalikuwa yamebakiza shibiri mbili tu kufika kwenye mbao.

Jioni pikapu iliingia uani kwa mara ya kwanza. Papa Hategekimana alishuka kwa maringo, akapiga hatua mbili, akateleza na kukaa chini pwaa. Siku nyingine Donatille angecheka. Siku hiyo alimwendea hapo hapo alipokaa, akamweleza yote, kuanzia debe hadi tuta, bila kumtaja Julienne kama kisingizio. Baba aliinuka, akaenda kulitazama lile tuta bila kumwadhibu. Jambo hilo lilimuuma binti kuliko fimbo.

Kesho yake, walipotoka misani, Muzee Onésime alikuja na nyundo zake. Alieleza kwamba mawe yaliyopakwa mafuta huangusha watu, na nafasi zikizibwa, iwe kwa mafuta au kwa saruji, mvua yote ya uani humwendea jirani wa chini. Papa Hategekimana akaamua: njia haitapakwa kitu wala kuzibwa. Itafagiliwa, na changarawe itaongezwa kila mwaka. Waling'oa mawe yaliyochafuka, wakayasugua kwa majivu na sabuni. Donatille alizoa changarawe chafu, akabeba mpya kwa beseni mpaka saa tisa, shingo ikimuuma, bila kulalamika.

Kazi ilipomalizika, Mama Bulonza aliingia na ndoo ya maji ya tangi lake kichwani. Papa Hategekimana alisimama haraka, akaanza kumwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake. Mjane alimkatiza kwa upole.

"Papa, sikukuya juu ya msamaha. Nimekuya kusema aksanti. Huyu mutoto angenyamaza, leo bajukuu bangu bangekunywa mafuta, na miye singejua."

Mama yake Donatille alijifuta macho kwa kitenge. Tangu kiangazi alikuwa akitafuta namna ya kumshukuru mjane huyo, na sasa mjane ndiye aliyekuja kuwashukuru wao.

Papa Hategekimana alimgeukia bintiye. "Ulikosa, sababu ulikataa neno yangu," alisema. "Lakini uliposema ukweli bila kukawia, ulituacha na nafasi ya kutengeneza. Kosa likifichwa, linaharibia watu wasio na kosa. Shika hiyo, mwanangu. Na miye pia ninakushukuru."

Donatille aliweka beseni lake chini. Alikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, na shukrani nyingi asizojua pa kuziweka.

Mama Bulonza alichota kikombe ndani ya ndoo. Akanywa yeye kwanza, nusu, mbele ya wote. Kisha akampa Donatille yaliyobaki, naye akayanywa yote.