Sanduku la Bibi Mwajabu

Guta la mizigo lilikuwa limeshapita kona ya mashine ya kusaga, sanduku la bati likirukaruka nyuma, na Nusaiba analikimbiza na jembe mkononi. Mdogo wake Kondo alifuata akichechemea. Katika kuchimba alikuwa amejikata kidole cha mguu.

Tandale, saa tatu asubuhi, kila mtu ana mzigo wake kichwani. Guta likapotea.

Inspekta Tupokigwe alipofika kwa Bibi Mwajabu, alikuta mashimo kumi na moja uani.

"Wanangu, mlikuwa mnachimba kisima?"

"Shikamoo afande. Tulikuwa tunatafuta hati ya mauziano," alisema Nusaiba. "Babu aliifukia kabla hajafa, ndani ya sanduku la bati. Tulipolitoa tu, watu wawili wa guta wakalipora. Leo alasiri baba mdogo Mudathir anaiuza nyumba, anasema ni urithi wa babu. Hati ina jina la bibi. Ikipotea, bibi anatolewa."

Bibi Mwajabu alikuwa amekalia kinu.

"Mie sitoki," alisema. "Waje na winchi."

"Nani alijua mnachimba?"

"Baba mdogo tu. Akatucheka."

Inspekta akampigia Mudathir simu. "Uko wapi?"

"Kunduchi, afande. Nanunua samaki."

Nyuma yake spika ilikuwa inanadi: mtumba mpya, karibu Tandale sokoni.

"Kunduchi imesogea siku hizi," alisema Inspekta, akakata.

"Hiyo spika ya Auleria wa mitumba!" Nusaiba alishachomoka. Inspekta na Kondo walipomkuta sokoni, maiki ya Auleria alikuwa nayo Nusaiba.

"Nyie wa guta! Lile sanduku la kitambaa chekundu lina kago, dawa ya wezi! Mwizi wake anavimba tumbo mpaka alirudishe kwa mwenyewe, kwa mikono yake!"

"Dada, kago gani?" alinong'ona Kondo. "Kile kitambaa babu alizuilia kutu."

"Nyamaza wewe."

Inspekta hakumsaka mtu sokoni. Alirudi uani, akaomba chai.

Kabla ya adhuhuri guta likarudi. Dereva wake, Gibson, alikuwa analisukuma. Mwenzake Elibariki amejitwika sanduku, mkono mmoja tumboni.

"Shikamoo bibi. Tufungulie kago, tunakufa!"

"Marahaba. Mmekula nini?"

"Mihogo, na mtindi wa juzi."

"Basi mtapona. Mkitaka."

Inspekta akatokea jikoni na pingu. "Nani kawatuma?"

"Mudathir!" walisema wote wawili. "Katwambia tulichome moto. Sie hata kulifungua tumeogopa."

Katika chumba cha mahojiano, Mudathir alikana mara mbili. Inspekta akaweka hati mezani. Jina la mama yake, sahihi ya mjumbe, kila kitu.

"Haya, ni mie," alisema. "Tangu utoto mtaa mzima unaniita mtoto wa mama mwenye nyumba. Hata baba walimcheka. Nilitaka na mie niitwe mwenye nyumba. Hata kwa hiyo siku moja ya kuiuza."

Akamgeukia mama yake, aliyekuwa amekaa kando ya mlango. "Mama, tuyamalize nyumbani."

"Nyumbani ndiko ulikotaka kunitoa," alisema Bibi Mwajabu. "Afande, andika maelezo yangu. Herufi kubwa."

Mudathir alifungwa miaka miwili. Gibson na Elibariki walipata miezi sita kila mmoja. Mnunuzi alinunua nyumba nyingine Mwananyamala. Kondo alishonwa nyuzi tatu. Nusaiba ameajiriwa na Auleria. Bibi Mwajabu yuko palepale. Chumba cha Mudathir kakipangisha kwa fundi cherehani.